Mama yu hai, kaka anataka "mirathi"

Shikamoo Bibi Karani. Mimi ni kitinda mimba katika watoto watano, wa kiume watatu na wa kike wawili. Mama yetu, muuguzi mstaafu, ana miaka 76 na tunaishi naye Kihonda, Morogoro. Huu mwaka wa pili kumbukumbu zinamtoka: ananiita jina la dada yake marehemu, na anasonga ugali mara mbili akidhani hatujala. Kaka mkubwa ameitisha kikao. Anataka tuandike muhtasari wa kumteua awe msimamizi wa mirathi ya mama, auze nyumba, hela zimtibu mama. Amekuja pia na hati ya uwakili, eti mama aweke dole gumba tu yaishe. Hati ya nyumba bado ina jina la baba, aliyefariki 2012. Wazazi wake walishatangulia, na mirathi yake hatukuwahi kuifungua. Sisi ni Waislamu. Nisaini?
Kitinda Mimba, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Nimekaa meza ya mahakama ya mwanzo miaka 31, na kisa chenu nilishakiona kwa macho. Kijana mmoja alinikabidhi muhtasari wa ukoo wenye saini saba, kila kitu kimepangwa. Nikamwuliza cheti cha kifo kiko wapi. Akajikuna kichwa. Kumbe "marehemu" mwenyewe yuko nje kwenye benchi, anakula andazi. Mtu aliye hai hana mirathi, hata kama amesahau jina lake. Na hata angekuwa amefariki, kikao cha ukoo kinapendekeza tu; anayeteua msimamizi ni mahakama.

Hiyo hati ya uwakili nayo haina miguu. Anayempa mwingine uwakili lazima aelewe anachokitoa. Dole gumba la mtu asiyejua kama amekula halielezi lolote, hata kamishna wa viapo akigonga mihuri mitatu. Tena hata angeitoa zamani akiwa na akili zake timamu, ingekufa nguvu baada ya akili kumtoka.

Lakini ngoja, mbona mnagombania jina la mama? Nyumba si yake peke yake, na kaka yako hawezi kuiuza kwa uwakili wa mama wakati hati ina jina la baba. Mirathi ya kufungua ni ya baba. Miaka imepita, ndiyo, jiandaeni kueleza sababu za kuchelewa. Nendeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi, na cheti chake cha kifo. Kama hamkukichukua, anzeni RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwenye fomu namba 6. Mwambieni kaka mapema, maana wengi huchanganya: msimamizi si mrithi wa vyote. Ni mtunza funguo.

Kabla ya kugawa, kaeni na makaratasi ya mama. Muuguzi aliyefanya kazi maisha yake yote hakukaa tu akimtazama mumewe akijenga. Tafuteni risiti za saruji, karatasi za mkopo wa kazini, chochote chenye jina lake, mkaioneshe mahakama. Kilichotoka kwenye jasho lake ni chake, hakiingii kwenye mirathi ya baba. Hapa ndipo wajane wengi wamepunjwa mbele yangu, kwa sababu hakuna aliyefungua sanduku la chini ya kitanda.

Kinachobaki, baada ya madeni ya baba na wosia kama upo (usiozidi theluthi), kinagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mama anapata thumuni, yaani sehemu 8 katika 64. Kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Jumlisha mwenyewe, inafika 64. Kaka yako akiipiga hesabu hii ataona kwa nini ilikuwa rahisi zaidi kwake kusema "nyumba ya mama".

Sasa mama mwenyewe. Ile thumuni na pensheni yake zinahitaji mtu wa kuzishika kihalali. Mpelekeni hospitali mpate ripoti ya daktari juu ya akili yake, kisha ndugu mmoja aiombe mahakama imteue wa kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Hapo tafuteni wakili, au msaada wa kisheria kama mfuko ni mwembamba. Kama kaka kweli anataka hela za matibabu, huo ndio mlango, na atatoa hesabu. Mimi ningemchagua yule anayemwogesha mama asubuhi, awe wa kwanza au wa tano kuzaliwa.

Hati ya nyumba iko kwako? Mpe kaka kivuli, halisi ibaki. Akipandisha sauti, mwambie kuna bibi mmoja wa gazetini amekukataza.