Jirani anachoma taka uani

SWALI: Shikamoo, mama. Jirani huchoma majani na chupa za plastiki uani kila jioni, na mwanangu ana pumu. Je, anaruhusiwa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Plastiki isichomwe kabisa; moshi wake una sumu, na mtoto mwenye pumu ndiye huumia kwanza. Majani nayo yana utaratibu: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa mimea, na halmashauri zina sheria ndogo zake. Hapo kwenu, karibu na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, wakati wa kiangazi cheche moja inatosha kuteketeza shamba. Zungumza naye kwanza, kwa upole. Akikaidi, mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa afya wa kata. Majani ayafukie shimoni, yawe mboji.