Maswali na Majibu: Ndege na popo wa Pemba

Unguja na Pemba ni ndugu. Mbona Pemba ina ndege wasiokuwepo Unguja?

Sababu iko chini ya maji. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Zama za barafu, bahari iliposhuka, mnyama aliweza kwenda Unguja kwa miguu, na ndiyo maana huko kulikuwa na chui. Upande wa Pemba kina kinafika kama mita 800, hapakukauka. Ndege waliovuka wakabaki peke yao muda mrefu mno, hadi wengine wakawa aina mbali kabisa. Leo hutajwa wanne wasiopatikana popote duniani ila Pemba: ninga, chozi, bundi mdogo, na yule kidege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Waunguja wakitamba na kima punju, yule kima mwekundu wa kwao, Wapemba nao wana la kujibu.

Lakini kima punju si wapo msitu wa Ngezi, huku Pemba?

Wapo. Walipelekwa na watu kutoka Unguja miaka ya 1970.

Popo wanamaliza embe zangu. Kwa nini tunakatazwa kuwaua?

Kwa sababu ukiwamaliza hapo, hakuna kwingine. Popo huyu mkubwa, ambaye mbawa zikikunjuliwa zinapita mita moja na nusu, ni wa Pemba tu. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska na Asia. Bara la Afrika hawapo. Alipigwa bunduki kwa ajili ya kitoweo hadi miaka ya 1990 ikahofiwa atatoweka. Waliomwokoa ni wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliolinda miti anakolala na kuwatoza wageni kiingilio. Makaburi nayo yalimsitiri, maana miti ya hapo watu huiheshimu. Hasara yako siikatai. Chuma embe zikishapevuka, ziivie ndani. Yeye hufuata zilizoiva.

Usiku kuna bundi analia mikarafuuni, mlio mmojammoja. Ni uchuro?

Huyo ndiye bundi mdogo wa Pemba. Anawinda wadudu, hana habari na mgonjwa wa mtu. Ukitaka kumwona, nenda msitu wa Ngezi jua likizama, ufuatane na mtembeza wageni anayejua mlio wake.