Kabla Hujagawa Viziba Masikio

Jana niliwatazama wadogo zangu wapya kazini wakiwafundisha wafanyakazi kukinga masikio na kelele kwenye shamba la lozi, huku Bonde la Kati, California. Viziba vimegawiwa, karatasi zimesainiwa, haraka garini. Roho iliniuma, maana nami nilianza hivyohivyo.

1. Usigawe bila kuvalisha. Msimu wangu wa kwanza nilimweleza namna ya kuvaa mzee mmoja, dereva wa trekta lisilo na kibanda, huku nyapara akinitafsiria. Nikamuuliza kama ameelewa. Akamtazama nyapara kwanza, kisha akasema «sí», yaani ndiyo. Nikatia vema, nikaondoka.

Mwaka uliofuata nilimwomba anionyeshe. Akatoa kiziba cha sponji laini mfukoni, kimeshapauka, akakipachika mlangoni mwa sikio bila kukisokota. Trekta lilipoanza kutetema kikamdondokea mapajani. Mwaka mzima alikuwa anavaa hivyo! Tena cha kulia peke yake. La kushoto aliliacha wazi amsikie nyapara. Na dereva akigeuka kuangalia nyuma kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea injini.

Alipopimwa, usikivu ulikuwa umeporomoka kwenye sauti nyembamba za hezi 4,000, pale kelele inapoanzia kula. Mkewe akaniambia wajukuu wakimwita haitiki, nao wanadhani amewakasirikia. Nilimwomba radhi. Kilichokwisha kuharibika ndani ya sikio hakikurudi.

2. Sokota kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 30.

3. Usimtumie nyapara kutafsiri. Anayelipwa kwa ndoo hatasema mbele ya bosi kwamba masikio yanavuma. Mwulize pembeni, tena uulize kuhusu «zumbido», yaani mvumo masikioni kwa Kihispania. Hapo ndipo wanapofunguka. Na si kila atokaye Mexico amelelewa kwa Kihispania. Wengi wa jimbo la Oaxaca huko Mexico, lugha yao ni ya wenyeji wa asili, kama Kimixteco au Kitriqui. Mama mmoja alinitikia kila sentensi hadi binti yake aliponinong'oneza kwamba hakushika hata moja. Tangu siku hiyo naonyesha kwa vidole, naye ananionyesha.

4. Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, kelele imeshafika desibeli 85 au zaidi, kiwango cha kudhuru masikio. Usingoje mwajiri alete kipimo: kanuni inayowalazimu wenye viwanda kupima wafanyakazi masikio kila mwaka haiyahusu mashamba. Wanatutegemea sisi, jamani.

Kesho saa 11 alfajiri, injini hazijawashwa, nikuteni getini. Tutaanza kuvalishana sisi kwa sisi.