Kisima cha mlalo ama kisima kilicholala?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kasarani, anatafsiri ripoti ya mafuta ya Turkana na amekwama mahali pawili. Anauliza: "Kile kisima kinachimbwa kwenda chini halafu kinapinda kufuata mwamba, nikiite kisima cha mlalo, cha ulalo ama kisima kilicholala? Na mafuta yakitoka kwa mwamba kuingia kisimani, niseme yanatiririka?"

Hilo la kulala liache kabisa. Hapa Nairobi ukisema biashara imelala kila mtu anajua hakuna wateja, kwa hivo mtu wa Lokichar kule Turkana akisoma "visima vilivyolala" ataelewa kazi imesimama na vijana wamerudi nyumbani, na wewe ulimaanisha kisima kiko kazini. Ulalo nao ushachukuliwa na watu wa hesabu, ni ule mstari unakata mraba kutoka pembe moja hadi ile ya pili inayoielekea. Mlalo ndo neno, lile lile la mstari mlalo tulilopata shuleni, na mwenzake ni wima. Andika kisima cha mlalo, wingi visima vya mlalo, na tafadhali usije ukaandika "visima milalo". Kikiwa kimeinama tu bila kulala sawasawa, sema kinaenda mshazari.

Sasa hapo kwa kutiririka ndo ningependa tukae kidogo, juu neno kisima lenyewe linatudanganya. Kisima cha maji unachungulia unaona maji chini, kwa hivo watu wanadhani kule Turkana kuna ziwa la mafuta limefunikwa na ardhi, na sivyo, mafuta yako ndani ya vitundu vidogo sana vya mwamba, kama mchuzi ndani ya chapati iliyolowa. Hebu chukua hiyo chapati. Ukiidunga kijiti kutoka juu, kijiti kinagusa unene wake tu basi, lakini ukikipitisha ubavuni kinatambaa ndani kutoka ukingo hadi ukingo na kinalowa chote. Tabaka la mafuta likiwa na unene wa mita 20, kisima cha wima kinagusa mita hizo 20, na cha mlalo kinaweza kutambaa humo kilomita nzima na zaidi. Kitenzi kutambaa kishike, kinafaa sana hapo.

Kwa hivo ndani ya mwamba mafuta hayatiririki, yanapenya. Henry Darcy, yule mhandisi Mfaransa wa Dijon aliyechapisha vipimo vyake 1856, alikuwa anapima maji yakipenya mchanga, na hesabu zake ndo wahandisi wa mafuta wanatumia hadi leo. Yakishaingia bombani sasa ndo yanatiririka, sina ugomvi nawe hapo. Ukivuta kwa nguvu sana kwenye kisima cha wima, maji yaliyo chini ya mafuta yanapanda kukifuata na kufanya umbo la pia, ile pia ya watoto ikiwa imegeuzwa, ncha juu. Cha mlalo kinavuta polepole kwa urefu wake wote ndo maana maji yanachelewa kufika. Usiandike "maji yanavuja" hapo, hakuna kitu kimetoboka, andika yanapanda ama yanavutwa.

Kuna pahali umeandika kimiminika ukimaanisha mafuta pamoja na gesi. Gesi haimiminwi. Tumia giligili, inabeba zote mbili.

Na ukifika kwa sehemu ya mafuta ya Turkana kuwa na nta nyingi, usihangaike kutafuta neno gumu, ni kuganda. Mafuta ya kupima ya kioski ukiyaacha kwa chupa usiku wa Julai, asubuhi yamekuwa meupe na hayatoki hata ukigeuza chupa, na hayo ya Turkana yana tabia hiyo hiyo, ndo maana bomba la kwenda Lamu lilipangwa liwe la kupashwa moto njia yote.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Kisima cha mlalo kinatambaa ndani ya tabaka, mafuta yanapenya mwambani hadi kisimani, kisha yanatiririka bombani yakiwa moto yasigande."