Kabla ya ndoo ya mwarobaini, shika mkasi

Masika ya mwaka 2018 nilichemsha mwarobaini. Majani niliyabeba kutoka Moshi mjini, maana mti huo haupendi baridi ya kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Nikayatia kwenye sufuria kubwa pamoja na vitunguu swaumu na pilipili kichaa, nikachuja, nikaongeza sabuni ya kufulia, kisha nikapulizia kihamba kizima, shamba letu la nyumbani la kahawa na migomba, nikijiona mtaalamu. Mzee jirani yangu alisimama ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, akinitazama.

"Mangi, hiyo supu unampikia nani?"

Nikamwambia ni dawa ya asili ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, nimeisoma kwenye simu. Hakubishana. Alivuka mfongo, akavuta tawi la mbuni, mti wa kahawa, uliokuwa karibu, akachuma punje moja nyeusi iliyokauka na kuiweka kiganjani mwangu. "Hii ni ya mwaka jana. Umeiacha ya nini?"

Sikuwa na jibu. Mvua iliendelea, na kufikia Juni zaidi ya nusu ya matunda yangu yalikuwa na madoa meusi yaliyodidimia. Mengine yalipukutika, mengine yalinyauka na kubaki yameng'ang'ania tawini kama ile punje ya mzee.

Baadaye ndipo nilipojifunza alichokuwa akinionyesha. Chulebuni ni ugonjwa wa ukungu, na ukungu wake hujificha kwenye matunda yaliyokauka mtini na kwenye magome ya vijitawi. Mvua inaponyesha, matone huzoa mbegu zake na kuzidondosha kwenye matunda mabichi yaliyo chini. Punje moja iliyooza kileleni inatosha kuambukiza tawi zima lililo chini yake. Hatari kubwa ni pale matunda yanapokuwa laini na yanatanuka, na kwetu mlimani kipindi hicho huangukia masika. Ugonjwa huu unapenda baridi na unyevu wa juu. Ulitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na tangu hapo wakulima wa arabika Afrika Mashariki hatujapumzika.

Tangu mwaka ule, kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza kuvuna ni kuokota. Napita mti kwa mti na debe, natoa kila buni iliyosalia, iwe nyeusi, kavu au iliyochelewa kuiva. Siiangushi chini ya mti. Naichoma au naifukia kwenye shimo mbali na mibuni. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote, na vijana wa kibarua wataruka matawi ya juu usipowasimamia. Lakini kati ya yote niliyojaribu, hii pekee ndiyo iliyonipa tofauti niliyoiona kwa macho msimu uliofuata.

Ya pili ni mkasi. Mama yangu aliacha mibuni yenye mashina sita, saba, yamebanana kama abiria wa daladala. Nilipunguza hadi matatu kwa kila mti, nikatoa maotea yote yaliyochipua shinani na matawi yaliyoelekea ndani. Tumia mkasi wa kupogolea na msumeno, panga liache kwenye migomba. Linachana gome na kuacha kidonda kibaya. Napogoa Januari na Februari, kabla masika hayajaanza. Kipimo changu ni rahisi: asubuhi ya siku isiyo na mvua, ingia shambani saa nne. Ukikuta majani ya katikati ya mti bado yana maji, mti huo haupumui, rudi na mkasi.

Kipimo hicho kinafaa zaidi kwa kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa ukungu wa mibuni. Ugeuze jani, utaona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini. Unga huo ndio mbegu za ugonjwa, nazo haziwezi kuota bila maji juu ya jani. Kutu hushambulia zaidi mashamba ya chini yenye joto, na hupukutisha majani hadi mti ubaki mifupa. Wakati mwingine utaona ukungu mweupe umemea juu ya ile rangi ya chungwa. Usiufute! Huo ni ukungu mwingine unaokula kutu.

Kivuli nacho kinataka akili. Miti ya mruka na mringaringa, pamoja na migomba, hutupunguzia joto na kishindo cha mvua, na sitamsikiliza anayeniambia niing'oe migomba kihambani. Watoto watakula nini? Ila kivuli kizito hufanya shamba lisikauke. Nilipunguza migomba iliyolala juu ya kahawa, nikawapa ng'ombe majani, nao wakanirudishia samadi. Naweka debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mbuni. Mti wenye njaa ukibeba matunda mengi huchoka, na mti uliochoka kutu huupiga vibaya.

Sasa turudi kwenye sufuria yangu. Simcheki anayetumia mwarobaini au mmea wa utupa. Dhidi ya wadudu kama kimatira vina msaada, na kimatira mwenyewe hupenda kujificha kwenye mti uliosongamana, kwa hiyo mkasi unamhusu pia. Lakini chulebuni na kutu si wadudu. Mimi sikuona doa hata moja likikoma kwa supu ile, na sabuni niliyozidisha ilinibabulia majani machanga.

Mrututu je, ile dawa ya shaba? Wazee waliuchanganya na chokaa, na hata kilimo hai huuruhusu kwa kiasi. Unazuia ukungu kweli. Ila shaba haiozi, hubaki kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ukianza kupulizia kisha ukaacha katikati kwa sababu hela imeisha, chulebuni inaweza kuwa kali kuliko usingepulizia kabisa, kwa kuwa umewaua na viumbe wadogo waliokuwa wakishindana na ukungu huo. Watafiti Kenya waliwahi kuliona hilo. Basi kama huna uhakika wa kumaliza ratiba, usianze.

Suluhisho ambalo lingenipunguzia kazi yote hii ni mbegu. Mibuni ya mama ni ya aina za zamani, N39 na KP423, kahawa tamu sana kikombeni lakini haina kinga. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana aina zinazovumilia chulebuni na kutu. Wenzetu wa Kenya walitoa aina za namna hiyo, Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Nyingi ya hizi zimepata kinga yake kutoka kwa chotara aliyejitokeza mwenyewe kisiwani Timor, arabika na robusta zilipokutana bila kuombwa na mtu. Ukitafuta kinga ya asili kweli, ndiyo hiyo. Kama hutaki kung'oa mti wa zamani na kungoja mche mpya ukue, unaweza kukata shina na kubebesha kikonyo, yaani kijitawi, cha aina mpya kwenye machipukizi yake. Tafuta mtu anayejua, maana kati ya vikonyo vyangu kumi vya kwanza vilishika vitatu tu.

Hadi leo nimebadilisha robo ya kihamba. Safu mbili za mama kando ya mfongo sijazigusa, kahawa yake naipenda mno. Kila Desemba zinanila siku nzima na debe mkononi, na mzee wa ng'ambo huja kukagua kama nimefika matawi ya juu.