Seli zilizobadilika kwa jua: nilichojifunza baada ya kupimwa

Ndugu uliyeuliza iwapo majibu ya maabara yanayosema kwamba seli za ngozi ya paji lako "zimeanza kubadilika kwa sababu ya jua" yana maana kuwa tayari una saratani, nakujibu kwa kuwa niliwahi kupokea karatasi kama hiyo. Mimi ni mtu mwenye ualbino, na miaka sita iliyopita nilikatwa kipande cha ngozi juu ya sikio la kushoto, mahali ambapo kidole kilihisi ukwaruzo kama wa msasa miezi mingi kabla jicho halijaona lolote.

Hapana, hiyo bado si saratani. Hata hivyo, nakusihi usiichukulie kuwa doa tu.

Seli za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu ndizo zinazogawanyika, na zile zinazozaliwa hupanda taratibu, zikibapa na kupoteza viini vyake, hadi zinapopukutika. Mionzi ya urujuanimno ya jua, hasa aina iitwayo UVB, huzipenya na kuunganisha herufi mbili zilizopakana za DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Kwa kawaida seli hukikata kipande hicho cha DNA kilichoharibika na kukijaza upya, lakini isipofanikiwa, herufi C hugeuka kuwa T, na kosa hilo hurithiwa na kila seli itakayotokana nayo. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba alama hii ya jua imo ndani ya jeni ya TP53 katika saratani za ngozi. Kwa mwenye melanini ya kutosha, chembe za rangi hukaa juu ya kiini cha seli kama kofia. Mimi kofia hiyo sina.

Jeni ya TP53 ndiyo inayoiamuru seli iliyoharibika vibaya ijiue, na ngozi inayobabuka baada ya kuungua ina seli nyingi zilizotii amri hiyo. Seli ambayo TP53 yake imeharibika haitii. Wenzake wanapokufa, yenyewe hupata nafasi ya kuenea. Nilipoelezwa hivyo nilihuzunika sana, kwa sababu utotoni tulidhani kubabuka ni jambo la kupita, kumbe kila mara nilikuwa nikiyapalilia magugu.

Katika kipande changu, hadubini ilionyesha viini vikubwa, vyeusi kuliko kawaida na vyenye maumbo yasiyolingana, seli za chini zilizosongamana bila mpangilio, na seli za juu zilizobaki na viini ambavyo zilipaswa kuwa zimevipoteza. Jambo la muhimu kuliko yote ni kwamba hazikuwa zimevuka utando mwembamba unaoitenga ngozi ya juu na ngozi ya ndani. Mabadiliko yakijaza unene wote wa ngozi ya juu huitwa ugonjwa wa Bowen. Yakivuka utando huo, hiyo ni saratani, na inaweza kufika kwenye tezi za limfu. Madoa mengi hayafiki huko, na mengine hutoweka yenyewe, lakini hakuna anayeweza kulitazama doa moja akasema litaelekea wapi.

Doa langu liligandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, nami nikaamini yamekwisha. Mwaka uliofuata yakatokea mengine matatu kando yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa doa, bali eneo zima lililopigwa na jua lilelile. Nilipewa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, nikaipaka mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Ngozi iliwaka, ikapasuka, na sehemu nilizodhani kuwa nzima kabisa nazo zikawa nyekundu, kwa maana dawa hiyo huzishambulia zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi, hata zile ambazo bado hazijaonekana kwa nje.

Kwa hiyo mwulize daktari wako wa ngozi mambo mawili: kama kipande kilichokatwa kilikuwa na kina cha kutosha kuonyesha utando huo, na kama atatibu doa pekee au paji lote. Doa likianza kunenepa, kuuma linapoguswa, kutoa damu au kuwa kidonda kisichofunga, usingoje tarehe yako ya kurudi. Mimi hukaguliwa kila baada ya miezi sita, na katikati ya hapo hupapasa masikio, midomo na shingo kwa ncha za vidole kila Jumapili.