Maombi Tisa, Nafasi Tano: Kuchagua Wahusika wa Kampeni ya Njozi Mtandaoni

SWALI: Ninataka kuendesha kampeni yangu ya kwanza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa dadu ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi ya vikao vingi, iitwayo kampeni, inayoongozwa na mwendeshaji) mtandaoni, kwa kanuni za toleo la tano za mwaka 2014, kwa sauti, kila Jumamosi saa mbili usiku, tukianzia ngazi ya kwanza. Nina nafasi tano na nimepokea maombi tisa ya kujiunga kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na Toronto: wachawi watatu, wapiganaji wawili, manju mmoja, mganga wa msitu anayetaka kuja kuita makundi ya wanyama, shujaa wa kiapo ambaye ni mwana wa mfalme aliyetabiriwa, na muuaji wa siri asemaye kwamba hafanyi kazi na mtu. Hakuna tabibu hata mmoja. Je, nichague walioandika historia nzuri zaidi, au nimlazimishe mtu mmoja awe kuhani, ambaye huponya wenzake? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ukipima maombi moja moja na kuchukua matano yaliyoandikwa vizuri kuliko mengine, unaweza kujikuta na wahusika watano wa kupendeza ambao hawana sababu yoyote ya kusafiri pamoja. Unachochagua ni kundi, na mhusika aliyeandikwa kwa mistari minne lakini anayewahitaji wenzake atakufaa zaidi kuliko mwenye historia ya kurasa kumi ambayo imekwisha kufungwa kabla mchezo haujaanza.

Hata kabla ya wahusika, tazama watu na saa zao. Saa mbili usiku ya Mombasa na Dar es Salaam ni saa tatu usiku Maskati, lakini Toronto ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa saba mchana wakati wa kiangazi, kwa sababu kule saa hubadilishwa mwezi wa Machi na tena mwezi wa Novemba, ilhali Afrika Mashariki na Omani hazibadilishi. Mwulize aliyeko Toronto waziwazi kama Jumamosi mchana ni wakati wake kweli, au ni wakati anaotarajia kuuiba kwenye shughuli nyingine. Asiyeweza kuhudhuria hatakuwa na mhusika mzuri kwako, hata awe ameandika nini.

Sasa kuhusu tabibu, una habari njema ambayo haikuonekana katika swali lako: unao watatu. Manju na mganga wa msitu wote wawili wanaweza, tangu ngazi ya kwanza, kujifunza uchawi mdogo wa kuponya kwa neno, unaomfikia mwenzao aliye umbali wa futi 60 na ambao hautumii tendo kuu la zamu. Shujaa wa kiapo naye huponya kwa kugusa, akiwa na akiba ya pointi tano za uhai kwa kila ngazi aliyofikia. Katika toleo hili, mhusika aliyeangushwa hadi sifuri huanza kurusha dadu ya kufa na kupona, na akishindwa mara tatu amekufa. Kwa hiyo kazi ya tabibu hasa ni kumwinua aliyeanguka kwa wakati, wala si kusimama nyuma akijaza pointi za kila mtu. Kwa kazi hiyo manju anatosha, na wakiwa wawili wenye uwezo huo ni bora zaidi. Ukiona pengo bado lipo, weka chupa za dawa njiani. Chupa ya kawaida hurudisha pointi za uhai 2d4+2, yaani jumla ya dadu mbili za pande nne ukiongeza mbili, na kanuni zimeipa bei ya vipande 50 vya dhahabu. Kumlazimisha mtu kuchukua kuhani ambaye hakumtaka ni kumwomba acheze kwa miezi mingi mchezo wa mtu mwingine, na uchovu wake utasikika kwenye sauti.

Wachawi watatu ni wengi. Si kwamba wanafanana, maana vitabu vyao vinaweza kutofautiana kabisa, bali udhaifu wao ni mmoja. Kila mchawi huanza na pointi sita tu za uhai kabla ya kuongeza ustahimilivu wake, hana deraya, na alama yake kubwa ya uwezo ameiweka kwenye akili, hivyo mahali panapohitaji nguvu, au mvuto wa kuzungumza na watu, wote watatu watatazamana. Wawili ningeweza kuwavumilia, kwa kuwa wanaweza kunakiliana uchawi kutoka kitabu hadi kitabu, kwa saa mbili na vipande 50 vya dhahabu kwa kila ngazi ya uchawi unaonakiliwa, na jambo hilo huzaa mazungumzo mazuri kati yao. Kwa viti vitano, hata hivyo, ningechukua mmoja. Waandikie wote watatu kwa pamoja, waeleze hali ilivyo, uulize nani angefurahia kubadilisha. Mara nyingi yupo ambaye mchawi alikuwa chaguo lake la pili.

Muuaji wa siri anastahili nafasi ya kujieleza. Mtu wa kivuli asiyemwamini mtu yeyote anasisimua katika hadithi iliyoandikwa na mtu mmoja, lakini mezani humaanisha kwamba wachezaji wanne wananyamaza wakimsikiliza wa tano akipanda ukuta peke yake. Mtandaoni madhara ni makubwa zaidi, kwani hao wanne hawaonani macho, hawana la kunong'onezana, na simu zao ziko mkononi. Mwulize maswali haya mawili, na ningependa uwaulize wenzake pia: mhusika wako anatafuta nini ambacho hawezi kukipata peke yake? Na mmoja wa kundi akitekwa leo usiku, wewe utafanya nini kesho asubuhi? Akijibu swali la pili kwa kusema kwamba ataondoka zake, mshukuru na umwache. Akijibu kwamba atamfuata, huku akinung'unika njia nzima, basi umepata mhusika mzuri sana, kwa sababu ukali wake una mahali pa kulainika.

Mwana wa mfalme aliyetabiriwa ana tatizo la namna nyingine, nalo ni la mtandaoni hasa. Umeme hukatika, bando huisha katikati ya vita, na mchezaji mmoja kati ya watano atakosa vikao kadhaa bila kosa lake. Kama utabiri wote umemwangukia yeye, siku asiyokuwepo kampeni inasimama. Ukimchukua, mwombe akubali kwamba utabiri unamhusu mmoja wa kundi bila kusema ni nani, na kwamba yeye anaamini tu kuwa ndiye. Hapo wachezaji wote wana sehemu katika hadithi, na imani yake inaweza kujaribiwa.

Kanuni hiyohiyo itumie kwa ujuzi. Kila jambo ambalo bila hilo kundi haliwezi kusonga mbele linapaswa kuwa mikononi mwa wahusika wawili. Kufungua kufuli, kwa mfano, si lazima kumngojea muuaji wa siri: mpiganaji mwenye historia ya uhalifu hupata ustadi wa vifaa vya wezi kutokana na historia hiyo, bila kubadilisha fani yake. Angalia vilevile nani ana busara ya kutosha kuona mtego kabla haujafyatuka, na nani anaweza kuzungumza na mlinzi wa lango bila kuchomoa upanga.

Kuhusu mganga wa msitu na wanyama wake, fanya hesabu ya zamu. Wachezaji watano wakitumia dakika mbili kila mmoja, na wewe ukatumia nne kwa maadui, mzunguko mmoja ni dakika 14, maana yake kila mchezaji husubiri dakika 12 kabla ya kutenda tena. Huo tayari ni muda mrefu kwa mtu aliyevaa spika za masikioni chumbani peke yake. Atakapofika ngazi ya tano ataweza, kwa kanuni zako za 2014, kuita mbwa mwitu wanane kwa mkupuo, na kwa kuwa mbwa mwitu hushambulia kwa kusaidiana, kila mmoja wao atarusha dadu mbili: dadu 16 kabla hujaanza kuhesabu madhara. Kanuni mpya za 2024 zimeliona tatizo hili na kuligeuza kundi lote kuwa umbo moja linalosogea uwanjani. Mpokee mganga wako, ila mkubaliane tangu sasa kwamba ataita wanyama wawili wakubwa badala ya wanane, au mtatumia maandishi mapya ya uchawi huo.

Jambo dogo ambalo waendeshaji wapya hulisahau ni mwanga. Kwenye ramani ya kompyuta yenye mwanga unaobadilika, binadamu asiye na mwenge pangoni huona skrini nyeusi kweli, ilhali wahusika wa jamii za kubuniwa za elf na kibeti huona futi 60 gizani. Ukiwa na wanne wanaoona na mmoja asiyeona, huyo mmoja ataishi kampeni nzima akiuliza kuna nini mbele. Ama wawepo wawili wanaohitaji mwenge, ama asiwepo hata mmoja.

Alama za uwezo usizifanye mashindano. Wape wote mpangilio wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, au pointi 27 za kununulia alama hizo, ili asitokee mtu aliyerusha dadu nyumbani kwake akaja na alama ambazo hakuna aliyeshuhudia.

Kwa maombi uliyonieleza, ningechukua manju, mpiganaji mmoja, mchawi mmoja na mganga wa msitu kwa sharti lile. Kiti cha tano ningempa muuaji wa siri iwapo majibu yake yatanitosheleza, na kama sivyo, mwana wa mfalme aliyekubali kushirikisha utabiri wake. Waite watano hao kwenye kikao cha awali kisicho na vita wala dadu, na kila mmoja aeleze anavyofahamiana na wengine wawili kati yao. Karatasi za wahusika zikamilishwe baada ya hapo, si kabla. Wale wanne waliobaki waandikie siku hiyohiyo, ukiwaambia sababu kwa upole, na uwaulize kama wangependa kuwekwa kwenye akiba, maana kiti kikiachwa wazi baadaye utafurahi kumpigia mtu ambaye tayari anaijua kampeni yako.